Swali la Nne

"Toa mikono kwanza," Muthoni alimwambia.

Ameir alikuwa ameinama juu ya kitanda cha tatu, akimkanda bibi mmoja wa mtaa wa jirani aliyesumbuliwa na kiuno tangu wakati wa mvua. Mgongo wa kiganja chake ulikuwa ukibingirika taratibu kando ya uti wa mgongo wa yule bibi, kwenda na kurudi, kama alivyofundishwa. Ilikuwa Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Katika kliniki ya chuo, simu za wanafunzi hufungiwa kabatini karibu na mlango, kwa hiyo habari haikumfikia yeye. Ilimfikia Muthoni, Mkenya aliyesoma naye darasa moja, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya kuandikisha wagonjwa. Alisikia simu ile ile ikilia ndani ya kabati mara saba, akaenda kuipokea.

Ameir akatoa mikono.

"Séverin amepiga kutoka hospitali," Muthoni akasema kwa sauti ya chini. "Babako ametuacha, Ameir. Pole sana."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akajibu, upesi, kama mtu anayeitikia salamu.

Yule bibi akainua kichwa, akauliza kama wamemaliza. Ameir akamfunika taulo mabegani, akamwambia kwa Kichina kwamba mwenzake atakuja kummalizia, na asiinuke kwa haraka. Kisha akaenda kwenye karo akanawa mikono, kama anavyonawa baada ya kila mgonjwa. Maji yalipokuwa yakimtiririka vidoleni, lilimjia jambo moja tu kichwani. Bado sijamwambia.

Alikuwa amekwisha kupanga. Siku hiyo hiyo, baada ya sala ya Alasiri, angekaa kando ya kitanda cha baba yake, amweleze kosa lake lote, amwombe radhi. Alikuwa akipanga hivyo kwa wiki sita.

Mzee Burhani, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Mkoani, kisiwani Pemba, akaja Guangzhou akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu kutafuta vipuri vya baiskeli. Alikusudia kukaa wiki tatu. Akakaa miaka kumi na minane, na kila mwaka akirudi nyumbani kufunga Ramadhani na mkewe, Bi Rozina, na watoto. Kazi yake ilikuwa kuwapakilia watu mizigo. Mfanyabiashara wa Tanga au wa Bukavu akishanunua viatu na nguo zake katika soko la Zhanxi, alimwachia Mzee Burhani marobota na maboksi, akapanda ndege akaenda zake. Mzee ndiye aliyehakikisha yamefika bandari ya Nansha na yameingia ndani ya kontena yakiwa yamepangika. Alikuwa na jicho la ajabu. Alilitazama lundo la maboksi kama mpishi anavyoutazama mchele kabla ya kukisia maji, akasema, "Litaingia lote, na itabaki nafasi ya majokofu mawili," na ikawa hivyo hivyo. Alikuwa akisema kwamba kontena lililopakiwa vibaya hulia njia nzima, na wanaolisikia ni wawili, Mungu na aliyelipakia.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja, ghorofa ya nne, alichokipanga pamoja na Séverin, Mkongo kutoka Uvira. Séverin alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli, mwenye rozari mfukoni. Mzee Burhani akitandika mswala, Séverin alipunguza redio bila kuambiwa. Jumapili asubuhi Séverin akiwa kanisani, Mzee Burhani ndiye aliyepokea simu zake na kuwadanganya wateja wake kwamba yuko njiani.

Ameir alikuja akiwa na miaka kumi na tisa, kwa ufadhili wa serikali. Akasoma tiba ya Kichina miaka mitano. Wenzake walipofungasha kurudi makwao, yeye akaomba kuendelea na shahada ya uzamili, miaka mitatu mingine, katika fani ya kutibu mifupa, viungo na misuli kwa mikono. Mzee alimkubalia, ila kueleza kwa watu ndiko kulikompa taabu.

"Yakhe Burhani, miaka minane kusomea kukanda?" Abdulrazak alimtania siku moja mbele ya watu. Abdulrazak ni muuza viatu, mtu wa Unguja, na ndiye anayewasalisha Waswahili wa Guangzhou wanapokuwa peke yao. "Marehemu nyanya yangu alikuwa akikanda mji mzima, na hakujua hata kuandika jina lake."

"Nyanya yako akikanda watu, walipona?"

"Wengine walipona."

"Na wengine?"

"Wengine walihama mtaa."

"Basi mwanangu anasomea hao waliohama," Mzee Burhani akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Masomo yenyewe yalianza kwa mfuko wa mchele. Kila mwanafunzi alishona mfuko wa kitambaa wa ukubwa wa mto mdogo, akaujaza mchele, na kwa miezi minne hakuruhusiwa kumgusa mtu yeyote. Ni mfuko tu, saa mbili kila siku. Mwalimu Liang, mama wa miaka sitini na miwili, mfupi, nywele zake zimekatwa kama za mvulana, alikuwa akiufungua mfuko wa kila mmoja mwisho wa wiki na kumwaga mchele kwenye sinia. Ukiwa umesagika mapema mno, alisema unatumia mabega badala ya kifundo cha mkono. Ukiwa mzima kama ulivyotoka dukani, alisema ulikuwa umelala. Baada ya hapo ukaja unywele. Aliweka unywele mmoja chini ya karatasi, wanafunzi wakautafuta kwa ncha za vidole huku macho wameyafumba. Ukipatikana, aliongeza karatasi ya pili, na ya tatu. Ameir alifika karatasi kumi na nne. Muthoni alifika kumi na sita, na hakumwacha Ameir asahau.

Ilipofika zamu ya miili ya watu, Ameir aliuchukua mgongo wa baba yake. Kila Ijumaa baada ya sala walirudi pamoja ofisini. Mzee alivua shati, akalala kifudifudi juu ya mkeka, na Ameir akamkanda kiuno kilichokuwa kikimuuma kwa muda mrefu. Wote waliamini ni maumivu ya marobota. Mtu aliyebeba mizigo miaka kumi na minane asiumwe mgongo ana bahati gani?

"Hebu uukunje mgongo, ulie kwa!" Mzee alikuwa akimwambia. "Nimeona kwenye simu wanaukunja mgongo mpaka unalia kama kuni."

"Sijaruhusiwa, baba. Mpaka mwaka wa tatu, tena mpaka tuone picha ya mifupa."

"Miaka minane na bado hujaruhusiwa. Haya, kanda."

Ameir alizipenda Ijumaa zile. Mzee alikuwa akizungumza akiwa ameuelekeza uso mkekani, mambo asiyoyasema akiwa amesimama. Alisimulia jinsi alivyolia siku ya kwanza katika kituo cha reli kwa kukosa mtu wa kumwelewa, na jinsi Bi Rozina alivyomkatalia posa mara mbili kabla ya kumkubali.

Sasa, katika fani hiyo kuna maswali kumi ambayo kila mwanafunzi huyakariri kwa mpangilio maalumu, na huyauliza kabla ya kumwekea mgonjwa mkono. Baridi na homa ni la kwanza, jasho ni la pili, kichwa na mwili ni la tatu. La nne ni choo, haja kubwa na ndogo. "Mikono ina haraka," Mwalimu Liang alikuwa akisema. "Ulimi na uitangulie." Ameir aliyauliza maswali yale kwa wagonjwa mamia. Aliwauliza mabibi wa Kikantoni kuhusu choo chao bila kupepesa macho, nao walimjibu kwa kirefu, wengine kwa kirefu mno.

Baba yake mwenyewe, Ameir hakumuuliza hata mara moja. Kwao, mtoto wa kiume akishabaleghe haingii chumbani kwa baba yake bila kubisha na kungojea. Baba akitoka kuoga, mtoto hugeuka upande wa pili. Hakuna aliyelifundisha jambo hilo kwa maneno. Lipo tu, kama vile kutokula kwa mkono wa kushoto.

Muhula wa pili wa mwaka wa pili, Mwalimu Liang alimtaka kila mwanafunzi alete mtu wake mmoja, amchunguze mbele ya darasa. Ameir akamleta baba yake. Mzee Burhani alivaa shati lililopigwa pasi na kofia yake ya viua, akaja na katoni ya machungwa kwa ajili ya mwalimu. Kichina chake kilikuwa cha sokoni: bei, kipimo, rangi, lini, hakuna, ghali mno, na laobani, yaani bosi, ambalo alimwita nalo kila mtu hadi mfagiaji. Akamwita hivyo na Mwalimu Liang pia, darasa likacheka, na mwalimu akacheka.

Ameir akauliza la kwanza, la pili na la tatu. Kisha akauliza kuhusu chakula.

Mwalimu Liang akainua kidole. "La nne."

Ameir akatazama karatasi yake. Mwalimu akasogeza kiti chake, akamtazama Mzee Burhani usoni, akauliza yeye mwenyewe, polepole, kwa maneno ya wazi. Je, anaamka usiku kwenda haja ndogo? Mara ngapi? Mkojo unachelewa kuanza? Unakatika katikati? Kisha akamgeukia Ameir. "Mtafsirie."

Ameir akamtazama baba yake. Mzee alikuwa akitazama viatu vyake. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wameshika kalamu.

"Baba," Ameir akasema, "mwalimu anauliza, usingizi unaupata vizuri?"

"Naupata, alhamdulillahi."

Ameir akamgeukia mwalimu, akasema kwa Kichina, "Anasema hana tatizo."

Mwalimu Liang aliendelea kumtazama Mzee kwa muda kidogo. Halafu akaandika.

Muthoni alimfuata Ameir kwenye ngazi. Katika darasa lile, ni yeye peke yake aliyekuwa amesikia lugha zote mbili.

"Wewe. Hiyo sio kitu mwalimu aliuliza."

"Najua."

"Umemuuliza mzee kuhusu usingizi."

"Ni baba yangu, Muthoni."

Muthoni akashuka ngazi chache. "Wangu ni pastor," akasema mwishowe. "Nikimuuliza hivyo, atanifukuza na Biblia mkononi." Akasimama. "Lakini muulize, bana. Hata kwa meseji."

Ameir aliuandika ujumbe ule mara tatu, akaufuta mara tatu. Ijumaa iliyofuata akamkanda baba yake kama kawaida.

Baada ya miezi minne, Mzee Burhani alikuwa Zhanxi akihesabu maboksi na Séverin, miguu ikamkatalia. Hakuanguka. Aliketi juu ya robota, na alipotaka kuinuka, miguu haikumsikia. Séverin akamwita mtu wa mkokoteni, wakamsukuma mpaka barabarani kama mzigo, na Mzee njia nzima akimwambia yule Mchina asipite kwenye mashimo. Ameir alipofika hospitali, baba yake alikuwa amekwisha kulazwa, na faili likining'inia mguuni mwa kitanda. Akalisoma. Daktari wa mapokezi alikuwa ameandika kwamba mgonjwa huamka usiku mara tano au sita kwenda haja ndogo, kwa muda wa miaka miwili sasa, na kwamba mkojo hukatika.

Ilikuwa saratani ya tezi dume. Ilikwisha kuingia kwenye mifupa ya kiuno, mifupa ile ile aliyokuwa akiikanda kila Ijumaa.

Alikwenda kwa Mwalimu Liang, akamweleza yote akiwa amesimama. Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Uliwahi kumliza mifupa?"

"Hapana. Aliniomba, nikakataa."

"Ulimkandamiza kwa nguvu?"

"Hapana."

"Basi hukumuumiza," mwalimu akasema. "Lakini hukumuuliza." Akaichukua tena kalamu. "Kosa la kwanza ni langu. Mtoto hatafsiri kwa mzazi wake. Nimefundisha miaka thelathini na mitano, nilipaswa kulijua hilo."

Hakumbembeleza zaidi ya hapo. Wiki iliyofuata mlangoni mwa kliniki palibandikwa karatasi inayokataza mwanafunzi kumtafsiria ndugu yake. Ameir aliipita karatasi ile kila asubuhi. Daktari wa hospitali alimwambia kwamba hata miezi minne nyuma ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika mifupani. Pengine angeongezewa mwaka, pengine chini ya hapo. Hakuna ajuaye ila Mungu, na daktari hakulitaja jina la Mungu, lakini maana ilikuwa hiyo.

Ndipo zikaanza wiki zile sita. Kila siku Ameir alikwenda hospitali akiwa na neno lake tayari, na kila siku alirudi nalo nyumbani. Siku nyingine palikuwa na wageni, Abdulrazak amekuja na uji. Siku nyingine Mzee alikuwa na maumivu, na mtu hamtwiki mwenye maumivu mzigo wake. Siku nyingine hapakuwa na sababu yoyote. Ameir alikaa mwisho wa kitanda, akamkanda nyayo tu, kwa mafuta, taratibu.

"Leo daktari wangu ameshuka chini kabisa," Mzee alikuwa akisema. "Mwisho atanikanda viatu."

Siku moja, Séverin akiwepo, Mzee akasema kama anayeagiza kitu dukani, "Nikifa, Ameir, unioshe wewe. Usiniachie watu nisiowajua." Akampigia Bi Rozina simu, akamwambia hivyo hivyo, na Bi Rozina akalia, na Mzee akamwambia asilie kwa simu, bando linakwisha.

Siku mbili baadaye alifariki, saa nne kasoro dakika tano, Séverin akiwa amemshika mkono. Ameir alifika baada ya saa nzima. Akambusu paji la uso, akamfumba macho vizuri, akamfunga kidevu kwa kitambaa.

Vibali vilichukua siku nzima na usiku wake. Ijumaa asubuhi maiti ililetwa msikitini, ambako kuna chumba cha kuoshea. Waislamu wa Kichina ndio wanaokitunza, na mwoshaji wao ni Mzee Ma, mtu wa miaka sabini na ushee aliyekwisha kuwaosha Waafrika wengi waliofia ugenini. Bi Rozina alikuwa amempigia Ameir tangu alfajiri. "Utamwosha wewe, mwanangu. Ndivyo alivyotaka." Ameir akajibu, "Inshallah," na mama akalisikia lile inshallah, akayarudia maneno yake.

Mlangoni mwa chumba cha kuoshea Ameir akasimama.

"Mwosheni nyinyi," akamwambia Abdulrazak.

"Nini?"

"Mimi sistahili."

Abdulrazak alimtazama. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku ile hakufanya mzaha. "Sisi tutashika maji," akasema. "Wosia ni wako. Kakae kidogo pale nje. Maji hayajapata uvuguvugu bado."

Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa Séverin na mfuko wa nguo za marehemu magotini. Hakuwa na ruhusa ya kuingia, na hakuwa na nia ya kuondoka.

"Mbona uko huku inje? Wanakungoja mule."

"Papa Séverin, nilimdanganya baba."

Akamweleza, kuanzia katoni ya machungwa hadi usingizi. Séverin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo Ameir hakulitazamia. Alicheka, kidogo, huku akipangusa macho kwa kiganja.

"Mon petit, mwanangu. Unazani baba yako hakumusikia yule mwalimu?"

Ameir akamtazama.

"Miaka kumi na minane hapa Guangzhou. Mutu gani anakaa miaka kumi na minane bila kujua neno ya choo? Ni neno ya kwanza tulijifunza sisi wote. Mbele ya bei. Alisikia yote. Siku ile alirudi bureau, ofisini kwetu, akaniambia, 'Séverin, mwalimu ameniuliza juu ya mkojo, na mwanangu akaniuliza juu ya usingizi.' Alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akasema, 'Mtoto yule nimemlea.'"

"Kwa nini hakujibu?"

"Na wewe, kwa nini hukuuliza?" Séverin akasema kwa upole. "Alikuwa na haya kama wewe. Yake kubwa, sababu aliianza mbele yako. Nilimwambia, 'Burhani, wende kwa munganga.' Akasema, 'Nikimaliza kontena hii.' Ikakuja ingine. Nilijua miezi ine, Ameir. Nilikuwa nakuona kila Ijumaa unamukanda, na nilinyamaza, sababu aliniapisha. Kama ni kosa, tuko watatu."

Ndani walisikia maji yakimiminwa kwenye ndoo.

"Alijua kama lilikuwa linanisumbua?"

"Pale hospitali? Alikuona. Alisema, 'Ana neno, linamukaa hapa.'" Séverin akajigusa koo. "Nikasema, umusaidie basi, umwambie unajua. Akakataa. 'Nikimwambia, hataniangalia tena usoni,' akasema. Ile siku alikuomba umuoshe, wewe ulitoka kuleta maji. Nikamuuliza, 'Burhani, kwa nini yeye? Utamuumiza huyu mutoto.' Akaniambia, 'Mimi sina kitu moyoni juu yake. Mtu akiwa na kinyongo na mwanawe, atamwita amwoshe?'"

Ameir akajiinamia. Alilia, na Séverin akamwacha alie. Kisha akavua saa yake, akampa Séverin amshikie, akaingia.

Mzee Ma hakujua Kiswahili, na walipoanza aliacha pia Kichina. Alisema bismillahi, na kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa Kiarabu cha dua na kwa ishara za mikono. Marehemu alikuwa amelazwa juu ya meza ya mawe, shuka limemfunika kuanzia kitovuni hadi magotini. Viungo vilikuwa vimeanza kukaza. Ameir akavilainisha kimoja kimoja, kwanza viwiko, kisha mabega, kisha magoti, bila kulazimisha, akikikunja kiungo mpaka pale kinapoishia na kukirudisha. Mzee Ma aliyekuwa amenyoosha mkono kumsaidia akaurudisha. Akamwachia.

Kisha Ameir akazungushia kitambaa mkono wake wa kushoto, akaupitisha chini ya shuka, akamsafisha baba yake mahali panapostahili kusafishwa, macho yake akiyaelekeza ukutani kama sheria inavyotaka. Abdulrazak alimimina maji. Alimwosha taratibu, akabadilisha kitambaa, akamwosha tena mpaka maji yakatoka safi.

Baada ya hapo akamtawadhisha. Akamwosha kichwa na ndevu, akamwosha upande wa kulia, kisha wa kushoto, mara tatu, na maji ya mwisho yakatiwa kafuri. Walipomgeuza ubavu, Ameir aliupitisha mkono wake kiunoni kwa baba yake mara moja, kwa kiganja kilicho wazi, maji yakitiririka juu yake. Kisha wakamkausha, wakamvika sanda ya nguo tatu nyeupe.

Alisaliwa msikitini hapo hapo baada ya sala ya Ijumaa. Wachina walijaa mistari ya mbele, na nyuma yao Waswahili, Wasomali na watu wa Afrika Magharibi. Abdulrazak alimtaka Ameir asalishe. Ameir akasalisha, takbira nne.

Makaburini walifika saa tisa na nusu kwa mabasi mawili madogo. Kulikuwa na jua na upepo kidogo. Mwalimu Liang alikuja na Muthoni, wakasimama pembeni, Muthoni akiwa amejitanda mtandio. Séverin alisimama nyuma ya wote, kofia mkononi. Bi Rozina alikuwa kwenye simu ya Abdulrazak, na watoto wengine nyuma yake, wakisikiliza.

Ameir na vijana wawili wa Pemba walishuka kaburini. Walimpokea Mzee Burhani, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Ameir akamfungulia vifundo vya sanda, akamwekea udongo chini ya shavu. Wakapanga mbao, wakapanda. Kila mtu akatupia mafumba matatu ya udongo, na waliobaki wakafukia kwa sepetu. Abdulrazak akasoma talkini, wakaitikia dua. Walikaa pale kwa muda, kama inavyopendeza, wakimwombea thabati katika maswali ya kaburini. Saa kumi na nusu wakarudi kwenye mabasi.